Kichwa Chepesi au Makini? Tabia ya Mwanafunzi na Alama Zake

Mwaka huu nimepewa ukurasa huu niandike juu ya suala lililozua ubishi mkali katika mkutano wetu wa muhula wa pili: je, alama za mtu zinatokana na kichwa alichozaliwa nacho au na tabia yake? Upande mmoja ulishikilia ni kichwa tu, mengine porojo. Upande wa pili ukasema mtu mchangamfu, yule anayeinua mkono kila dakika, ndiye atakayepasua mtihani. Mimi nilikuwa katibu, kwa hivyo niliandika tu kumbukumbu huku ulimi ukiniwasha. Baada ya hapo nikaenda kusoma.

Jambo hili si mchezo, jamani. Mnajua vile matokeo yanavyobandikwa ubaoni, majina yamepangwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kabla kengele ya chakula haijalia, kila mtu ameshapata lakabu: huyu "mkali", yule "kichwa maji". Mwenzangu mmoja, mtu mkimya sana, amekuwa akiandikiwa kwenye ripoti yake kwamba "hashiriki darasani". Siku hizi anasema eti fizikia si ya watu kama yeye, anataka kuiacha. Nikamuuliza, watu kama wewe ni watu gani? Akasema, "Watu wasioongea." Basi hapo nikaona ubishi wetu una madhara yake.

Kumbe wanasaikolojia walianzia mahali ambapo sisi wana Kiswahili tungependa: kwenye kamusi. Mwaka 1936, Wamarekani wawili, Gordon Allport na Henry Odbert, walichambua kamusi nene ya Kiingereza na kuchopoa maneno karibu 18,000 ya kumwelezea mtu na kumtofautisha na mwenzake. Hoja yao ilikuwa rahisi: tabia ikiwa na maana katika maisha, watu watakuwa wameshaitungia neno. Waliokuja baada yao walipunguza na kupanga maneno hayo mpaka wakapata vikapu vitano. Nami nimevipa majina yetu. Kuna makini, yaani mtu mwenye mpango, anayetimiza alichoahidi na kumaliza alichoanza. Kuna udadisi, yaani kupenda mawazo mapya. Kuna uchangamfu, ambao hauhitaji maelezo katika bweni letu. Kuna upole wa kupatana na watu. Mwisho kuna wasiwasi, pamoja na kinyume chake, utulivu wa moyo.

Tulijaribu mchezo huo wenyewe siku moja alasiri, kwa Kiswahili, tukiwa na Kamusi ya Kiswahili Sanifu mezani. Hatukufika mbali, lakini tuliona jambo ambalo sijaliona katika vitabu. Tabia moja ina majina mawili, la sifa na la tusi. Anayeulizauliza ni mdadisi, au ni mdaku. Asiyeacha jambo ni mstahimilivu, au ni mkaidi. Asiyesema ni mtulivu, au ni mzubaifu. Anayepanga vitabu vyake kwa rangi ni nadhifu, au, kama wasemavyo wenzangu wa bweni, "anajiskia". Ni msemaji anayechagua jina. Ukimwita mtoto mzubaifu miaka minne mfululizo, usishangae akizubaa.

Sasa tuje kwenye alama. Mwaka 2009 mtafiti wa Australia, Arthur Poropat, alikusanya pamoja tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa kuhusu vikapu hivi vitano na matokeo ya masomo. Katika baadhi ya hesabu zake idadi ya wanafunzi ilipita 70,000. Alichokiona ni kwamba makini ndiyo iliyofuatana na alama kuliko tabia nyingine zote, na haikuwa kivuli cha akili, maana hata ukiweka kipimo cha akili kando bado ilibaki na nguvu yake. Udadisi na upole vilisaidia, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Je, uchangamfu? Ndugu zangu wa upande wa pili, samahani. Katika masomo ya juu uhusiano wake na alama ulikuwa karibu na sufuri. Watoto wadogo wa shule ya msingi hupata faida ya tabia nyingi kwa pamoja, lakini kadiri mtu anavyopanda madarasa nyingine hufifia. Makini haifanyi hivyo.

Lakini tusipande juu ya meza kushangilia. Uhusiano huo, katika hesabu za takwimu ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu na 0 ni kutofuatana kabisa, ulikuwa kama 0.22. Kwa lugha ya kawaida, ukichukua tofauti zote za alama baina ya wanafunzi, sehemu 5 hivi kati ya 100 ndizo zinazofuatana na makini. Zilizobaki zina wenyewe: akili, mwalimu, karo, afya, vitabu, hata bahati ya swali lililotoka. Kwa hivyo atakayekuambia kwamba anaweza kutabiri gredi yako kwa kukutazama tabia, muulize anauza nini.

Upande wa kichwa nao una maswali ya kujibu. Mwaka 1921 Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500, wengi wao wa California, waliochaguliwa kwa kuwa vipimo vyake vilionyesha wana akili kali mno. Walipokuwa watu wazima, aliwachukua wanaume 150 waliofanikiwa zaidi na 150 waliofanikiwa kidogo, akawalinganisha. Vichwa havikuwatofautisha sana. Kilichowatofautisha ni kushikilia jambo mpaka mwisho, kuelekeza nguvu kwenye lengo, na kujiamini. Na kuna kisa ninachokipenda: mtoto mmoja aliyepimwa akaonekana hajafikia kiwango aliitwa William Shockley. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobeli, tena ya fizikia. (Mambo aliyoyasema baadaye kuhusu rangi za watu yalikuwa ya aibu. Makini si wema, tusichanganye.)

Makini inafanyaje kazi, hasa? Hapa ndipo nilipopata faida zaidi. Mwaka 2005 Angela Duckworth na Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitangaza utafiti wao juu ya wanafunzi wa darasa la nane nchini Marekani. Katika awamu ya pili walikuwa 164. Walipimwa akili, na nidhamu yao ya nafsi ikapimwa kwa hojaji walizojaza wao, wazazi na walimu wao. Isitoshe, kila mmoja aliwekewa dola moja mbele yake: ichukue leo, au subiri wiki moja upate mbili. Miezi kadhaa baadaye alama zilipotoka, nidhamu ya nafsi ilieleza tofauti zao zaidi ya mara mbili ya vile akili ilivyozieleza. Nao wenye nidhamu walikuwa wakifanya nini? Hakuna uchawi. Walikosa shule mara chache, walitumia saa nyingi zaidi kwa kazi ya nyumbani, walitazama televisheni kidogo, na walianza kazi hiyo mapema zaidi. Hilo la mwisho lilinigusa. Si muda tu, ni saa ya kuanza.

Hebu tulete jambo hili kwenye mtihani wetu wa KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili, swali la ufupisho, alama 15. Karatasi inakupa nafasi ya matayarisho na nafasi ya nakala safi, tena idadi ya maneno umeandikiwa. Mwenzetu mwenye kichwa chepesi husoma taarifa mara moja, akaelewa kweli, akaruka moja kwa moja hadi nakala safi. Maneno yanampita, hoja mbili zinamponyoka, na makosa ya hijai yanamla alama nyingine. Yule wa makini anapiga mstari chini ya hoja, anaandika rasimu, anahesabu maneno kwa kidole kama mtoto wa chekechea, halafu ndipo anakili. Mimi nimeona daftari za wote wawili. Aliyepata zaidi hakuwa aliyeelewa zaidi.

Sasa utasema, basi kosa ni la mwanafunzi mwenyewe, mbona hajitumi? Ngoja kwanza. Kuna jaribio maarufu la Walter Mischel, lililofanywa huko Stanford kuanzia miaka ya 1960. Mtoto mdogo aliwekewa peremende laini: ale sasa hivi, au angoje mtafiti arudi apate mbili. Baadaye ikasemekana waliongoja walifanya vyema shuleni. Dunia nzima ikashika hadithi hiyo. Lakini mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walitazama upya jambo hilo kwa watoto zaidi ya 900 wa hali mbalimbali. Uhusiano ulionekana, ila nusu ya ule wa kwanza. Na walipoingiza hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, theluthi mbili ya uhusiano huo ikayeyuka. Mtoto ambaye nyumbani chakula cha kesho hakina hakika anakula cha leo, na hiyo ni akili, si ulafi.

Tena tusidhani subira ni mali ya Wazungu. Watafiti wengine walifanya jaribio hilohilo kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Nso, Kamerun, wakiwawekea andazi la kwao, na pia kwa watoto wa Ujerumani. Karibu 70 kati ya kila 100 wa Kinso walingoja. Wa Ujerumani hawakufika 30. Ingekuwa alama hutokana na subira peke yake, shule za vijijini Kamerun zingekuwa zinatoa maprofesa kama uyoga baada ya mvua. Hazitoi kwa sababu zinakosa vitu ambavyo subira haiwezi kununua. Sisi tuna wenzetu wa kutwa wanaochota maji kabla ya jua kuchomoza na kusomea koroboi usiku. Kwao kuanza kazi mapema si suala la tabia, ni suala la mafuta ya taa.

Limebaki swali aliloniuliza yule mwenzangu mkimya: je, tabia hubadilika? Hubadilika, ingawa taratibu. Brent Roberts na wenzake, mwaka 2006, waliunganisha matokeo ya makundi 92 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi, wakaona makini huongezeka mtu anapokua, hasa kati ya miaka 20 na 40. Sisi tuko 16 na 17. Aliye mlegevu leo hajamaliza kupikwa. Na kuhusu ukimya wake nilimwambia kwamba hakuna hata ukurasa mmoja kati ya nilizosoma uliosema ukimya unapunguza alama za fizikia. Alicheka kidogo. Fomu ya kuacha somo bado anayo, hajaijaza.

Orodha yetu ya maneno ya tabia imefika 211 na imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba cha chama. Tunahitaji hasa majina ya sifa, maana matusi yamejaa. Mwenye neno amwone katibu siku ya Alhamisi baada ya michezo.