Kidonda cha Upasuaji Hakipakwi Kitu

Kijitabu cha kaya za Ngombezi na majirani zao

Anayetoka Ngombezi kwenda kupasuliwa hana safari ndefu. Hospitali ya Magunga iko Korogwe mjini, na mgonjwa aliyezidiwa hupewa rufaa kwenda Bombo, Tanga. Ngiri, busha, kidole tumbo, jipu lililoshindikana, mfupa uliovunjika kwenye bodaboda: hayo ndiyo yanayojaza vitanda. Mara nyingi upasuaji wenyewe huenda salama, mgonjwa akaruhusiwa akiwa anatembea. Kisha anarudi ananuka usaha, kwa sababu nyumbani kuna mtu alimpaka kitu.

Atakayesoma ukurasa huu peke yake na ashike hili: kidonda cha upasuaji hakipakwi kitu.

Kabla ya kupasuliwa

Muuguzi akisema mgonjwa asile, uji nao ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula. Kwa kawaida chakula husimamishwa saa 6 au zaidi kabla ya upasuaji, kwa sababu aliyepigwa nusu kaputi tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika, matapishi yakaingia mapafuni, akafa. Shangazi mwenye huruma anayepitisha kikombe chini ya shuka anacheza na roho ya mtu. Kama ameshampa, amwambie muuguzi hapohapo, hata kama atagombezwa. Upasuaji ukiahirishwa, kinachopotea ni siku tu.

Mgonjwa aoge kwa sabuni. Asijinyoe kwa wembe mahali patakapopasuliwa, kwani wembe huacha michubuko inayoingiza vijidudu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unakataza kunyoa. Nywele zikilazimika kuondolewa, hupunguzwa kwa mashine.

Pete, hereni, rangi ya kucha

Viondolewe nyumbani.

“Mbona wananiuliza jina tena?”

Wagonjwa wengi hukasirika wakiulizwa mara tatu jina lao, wanapasuliwa nini na upande gani. Wavumilie. Maswali hayo yamo kwenye orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, ikiwemo Ifakara hapahapa Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Wodini

Muuguzi hupima presha, joto, mapigo ya moyo na pumzi, huangalia dripu, hutazama mkojo kwenye mfuko na damu kwenye bandeji. Ndugu huona ni usumbufu, hasa akimwamsha mgonjwa usiku. Lakini damu inayovuja ndani haionekani kwa macho. Huonekana kwenye vipimo hivyo.

Mgonjwa akiambiwa ainuke atembee, ainuke. Kulala tu huleta damu kuganda miguuni na nimonia. Maumivu yasemwe, maana hakuna zawadi kwa anayekaa kimya. Ndugu wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, wasikae kitandani, wasifunue bandeji kuchungulia. Na hata wodini, kidonda hakipakwi kitu ambacho muuguzi hakukileta.

Nyumbani: hapa ndipo panapoharibika

Mfano wa kawaida ni wa mkata mkonge aliyepasuliwa ngiri. Siku ya tatu kidonda kinawasha, ndiyo tabia ya kidonda kinachopona. Jirani anafungua vidonge vya rangi mbili, ananyunyiza ule unga. Juu kunakauka, ngozi inaonekana nzuri, chini usaha unajikusanya. Wiki inayofuata nyuzi zinaachia.

Unga wa vidonge usiwekwe. Majivu yasiwekwe. Dawa ya meno, mafuta ya taa, tumbaku, majani yaliyotafunwa, mkojo, vyote visiwekwe. Udongo na kinyesi cha ng’ombe ni hatari kupita vyote, kwa kuwa hubeba pepopunda, nayo huua. Asali je? Kama hospitali imeamua kuitumia, muuguzi ndiye atakayeipaka. Vinginevyo jibu ni lilelile: kidonda cha upasuaji hakipakwi kitu.

Saa 48 za kwanza bandeji isifunguliwe wala isilowe, isipokuwa kwa agizo la muuguzi. Baada ya hapo kidonda kisafishwe hospitali au zahanati, si barazani. Dawa zimalizwe, zisigawiwe mtu mwingine. Mayai, maharage na dagaa viliwe, maana mwili unavihitaji ili kidonda kizibe.

Aliyepasuliwa ngiri asibebe ndoo, gunia wala mzigo wa mkonge mpaka daktari amruhusu, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Familia ipange mapema nani atateka maji. Shambani asiende hata kutazama: utomvu wa mkonge huwasha ngozi nzima, sembuse yenye mshono.

Siku ya kutoa nyuzi

Aende, hata kama kidonda kimeonekana kupona.

Dalili za kumrudisha hospitali

Homa, usaha au harufu, kidonda kuvimba, kuwa cha moto au kuanza kuachia, tumbo kujaa na kutapika, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida, taya kukaza. Kwa ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, basi paguswe pembeni mwa kidonda kwa mkono uliooshwa kuona kama pana joto na pamekaza. Uambukizo waweza kujitokeza hata siku 30 baada ya upasuaji, hivyo wiki mbili za nafuu zisimdanganye mtu.

Dalili moja inatosha. Mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo, asipakwe kitu njiani, na abebe kadi aliyopewa aliporuhusiwa, kwani muuguzi wa zamu anaweza kuwa hajawahi kumwona.