Kumwita afisa wa forodha kiwanja cha ndege cha mkoani: utaratibu, ada na hesabu yake

Swali linalokuja sana kutoka kwenye vikundi vya mboga ni hili: "Bwana shamba, mnunuzi wa nje tumempata, ndege imepatikana, lakini pale kiwanjani kwetu watu wa forodha hawakai muda wote. Tukiwahitaji Jumamosi jioni tunafanyaje?"

Majibu yanayozunguka mitaani ni mawili. La kwanza, kwamba haiwezekani, pelekeni mzigo Dar es Salaam. La pili, kwamba "mtu unamwona tu". Yote mawili yanawaumiza wakulima, kwa sababu sheria imeshaliweka jambo hili wazi: afisa anaombwa kwa maandishi, ada inalipwa serikalini, anakuja anafanya kazi yake. Leo tupite humo taratibu.

Tuanze na zao lenyewe. Parachichi lina subira kidogo, ndiyo maana sehemu kubwa yake husafiri kwa meli ndani ya kontena lenye ubaridi. Maharage machanga, njegere changa za maganda, pilipili na viungo vya majani havina subira hiyo. Maharage machanga yanataka nyuzi joto 5 hadi 7 hivi. Ukiyapasha joto yananyauka, na ukiyagandisha chini ya hapo yanaharibika ngozi. Kwa hiyo saa tatu za kumsubiri afisa kwenye lami saa nane mchana ni saa za kuua mzigo. Ukaguzi kwa mkulima wa mboga ni suala la uhai wa zao kabla haujawa suala la makaratasi.

Sasa, kabla ya kuandika barua yoyote, uliza ndege inakwenda wapi. Kama inatoka kiwanja kama Songwe kwenda Dar es Salaam, halafu mzigo unahamia ndege nyingine kwenda Ulaya au Ghuba, basi safari ya kwanza ni ya ndani. Mara nyingi forodha watakamilisha kazi kule mzigo unakotokea nchini, na ninyi huku mkoani mnachohitaji ni mkaguzi wa afya ya mimea, chumba cha ubaridi na wakala aliyejipanga kule Dar. Nimeona vikundi vikihangaikia afisa wa forodha mkoani wakati hakuwa anahitajika hata kidogo. Lakini kama ndege inaruka moja kwa moja kwenda nje ya nchi, hapo forodha lazima wawepo, na kiwanja chenyewe lazima kiwe kimeteuliwa kuwa kiwanja cha forodha. Neno "kimataifa" kwenye kibao cha getini lisikutoshe. Muulize meneja wa forodha wa mkoa, na akujibu kwa maandishi.

Sheria inayotuongoza ni ile ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo TRA wanaitumia hapa kwetu, KRA wanaitumia Kenya, URA Uganda, na kadhalika. Ndani yake kuna kifungu kuhusu saa za kazi za maafisa, na kifungu hicho kinatofautisha hali mbili. Naomba usome hapa polepole, maana ndipo watu wengi wanapochanganya.

Hali ya kwanza: unamtaka afisa mahali ambapo kazi za forodha hufanyika kwa kawaida, ila nje ya saa za kawaida. Yaani kiwanja ni cha forodha, maafisa huwa wapo, ila wewe unamtaka usiku au sikukuu. Unaomba kwa fomu iliyowekwa, unalipa ada iliyowekwa, na sheria inasema ombi hilo lisikataliwe bila sababu ya msingi. Hapo mkulima una haki ya kusimama nayo. Ukikataliwa, uliza kwa heshima sababu ni ipi, na omba iandikwe.

Hali ya pili: unamtaka afisa mahali ambapo kazi za forodha hazifanyiki kwa kawaida, kwa mfano ghala lenu la kufungashia kule kijijini. Hapa pia unaomba na unalipa ada, lakini kukubali au kukataa ni hiari ya afisa mwenye mamlaka. Hukuja na haki, umekuja na ombi. Kwa hiyo barua yenu lazima impe sababu: barabara inapitika, eneo lina uzio, kuna meza, taa na mzani uliohakikiwa, na mzigo unatosha kumtoa mtu ofisini kwake.

Kwa maoni yangu vikundi vingi vikianza viombe hali ya kwanza, hata kama ya pili inaonekana rahisi kwa sababu afisa anawafuata. Ukaguzi wa ghalani una faida kubwa, maana mzigo unakaguliwa kwenye ubaridi na gari linafungwa lakiri, halifunguliwi tena njiani. Ila unahitaji kikundi chenye mzigo wa uhakika kila wiki. Msije mkamwita afisa kilomita 60 halafu akakuta kreti arobaini.

Forodha si peke yao. Kuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Hawa ndio wanaotoa cheti cha usafi wa mimea, na wana ada zao tofauti. Usidhani ukilipa huku umemaliza na kule. Afisa wa forodha anaangalia kama kilichoandikwa ndicho kilichomo: aina ya bidhaa, uzito, idadi ya katoni, thamani kwenye ankara, namba ya ushuru. Kwa maharage mabichi namba hiyo inaanza na 0708.20, njegere 0708.10. Wakala akichanganya hizo, mfumo unakwama, na saa zile za afisa mlizolipia zinaisha mkiwa mnapiga simu.

Mkaguzi wa mimea yeye anatafuta wadudu na magonjwa. Atachukua sampuli, atafungua katoni, atakata maganda. Basi msigonge gundi katoni zote kabla hajafika! Kwa mizigo ya Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 14 Desemba 2019 karibu matunda na mboga zote mbichi zinahitaji cheti hiki. Zilizoachwa ni chache: nanasi, nazi, duriani, ndizi na tende. Cheti kisitolewe zaidi ya siku 14 kabla mzigo haujaondoka nchini, kwa hiyo ndege ikiahirishwa sana msitumie cheti cha zamani. Wa pilipili mjue mna masharti ya ziada kwa sababu ya yule nondo ambaye kiwavi wake hutoboa tunda na kujificha ndani, jina lake la kitaalamu Thaumatotibia leucotreta. Kiwavi mmoja akikutwa kule, mzigo wote unaweza kuteketezwa. Hakuna ada ya saa za ziada itakayokuokoa hapo. Hiyo kazi inafanyika shambani kwa mitego na kwa kuokota matunda yaliyotobolewa.

Tuje kwenye fedha, maana najua ndiko mnakosubiri.

Ada za kumwita afisa hutozwa kwa huduma. Viwango vipo kwenye kanuni na hubadilika, kwa hiyo chukueni vya sasa ofisini, msichukue vya jirani wa mwaka juzi. Ninachotaka mjue ni tabia ya gharama hii: haiongezeki sana mzigo unapoongezeka. Tufanye hesabu ya mfano, narudia ni mfano, si kiwango cha ofisi yoyote. Tuseme ada za forodha, ada za mimea na usafiri wa maafisa kwa jioni moja vinafika sh. 240,000. Mkipeleka kilo 300, kila kilo imebeba sh. 800. Mkipeleka kilo 3,000, kila kilo imebeba sh. 80. Kama faida yenu ni sh. 500 kwa kilo, jioni ya kilo 300 mmeuza kwa hasara ya sh. 300 kila kilo, na mmelala saa saba usiku juu yake. Kwa hiyo vikundi vitatu vya kata moja viungane kwenye ndege moja na ombi moja. Msione aibu kumfuata mshindani wenu, hata yule mliyegombana naye juu ya maji ya mfereji.

Kuna nchi zimefika mbali zaidi. Marekani, kwa sheria ya biashara ya mwaka 1984, kiwanja kidogo ambacho hakina safari za kutosha kuifanya serikali impeleke afisa kwa gharama zake, kinaweza kuomba afisa na kumlipia chenyewe. Gavana wa jimbo anaridhia, kiwanja kinasaini makubaliano na forodha, kisha kinalipa. Ada iliyotangazwa ilikuwa dola 140,874 kwa mkaguzi mmoja mwaka wa kwanza, na dola 123,438 kila mwaka unaofuata, bado gharama za kompyuta. Kiwanja cha Blue Grass cha Lexington, Kentucky, mji maarufu kwa farasi, kimo kwenye orodha hiyo. Angalia tofauti: wale wanalipa ndege ije isije. Sisi tunalipa tunapomwita. Wapo viongozi wa ushirika wanaonieleza kwamba tudai afisa wa kudumu kiwanjani. Mimi nasema mzigo kwanza. Afisa wa kudumu bila mzigo wa kudumu, mtu fulani atamlipia, na mkulima ndiye wa mwisho kwenye mstari.

Malipo yote ya serikali yanapitia kumbukumbu namba, ile tunayoiita kontroo namba. Ukiambiwa "leteni taslimu tu, risiti itafuata", sema kwa adabu: "Mheshimiwa, tunaomba kontroo namba, kikundi kinakaguliwa." Maneno hayo mawili ya mwisho yanasaidia sana, hayamtuhumu mtu. Na yana ukweli, kwa sababu mweka hazina atatakiwa kuonyesha fedha za watu zilikwenda wapi. Kumbuka pia fedha ya mkononi haikupi chochote cha kushika siku afisa asipotokea na maharage yanapasha joto.

Barua ya ombi iwe fupi. Wakala wa forodha mwenye leseni ndiye ataijaza ile fomu na kuingiza tamko la mzigo kwenye mfumo, ila kikundi kiandike barua ya kuambatisha. Mnaweza kuandika hivi:

"Tunaomba huduma ya afisa kwa ukaguzi wa mzigo wa mboga mbichi unaosafirishwa nje, siku ya Jumamosi tarehe fulani, kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12 jioni, katika eneo la mizigo la kiwanja. Mzigo ni maharage machanga, katoni 600, uzito halisi kilo 3,000. Ndege inaondoka saa 5 usiku, na shirika linafunga kupokea mizigo saa 1 jioni. Tupo tayari kulipa ada kwa kumbukumbu namba mtakayotupatia. Msimamizi wetu atakuwa kiwanjani kuanzia saa 9 alasiri."

Ona kwamba saa zimehesabiwa kurudi nyuma kutoka muda wa ndege. Ndege saa 5 usiku, mapokezi yanafungwa saa 1 jioni, forodha wanaanza saa 10 jioni, mkaguzi wa mimea anapita ghalani saa 6 mchana, kuchuma kunaanza saa 12 asubuhi na kuisha kabla jua halijakaza. Muda wa kufunga mapokezi waulizeni shirika lenyewe, hawafanani. Barua ya Jumamosi isifike Ijumaa mchana. Ipelekeni mapema wiki hiyo, ili malipo yapite siku za benki na kama kuna karatasi imekosewa mpate nafasi ya kuirekebisha.

Ulizeni jambo moja kabla hamjalipa: ndege ikifutwa, ada inakuwaje? Jibu lake liandikwe kwenye kitabu cha kikundi, na wanachama wakubaliane mapema nani anabeba hasara hiyo. Nimeona ushirika ukivunjika kwa sh. 40,000 za jioni moja kwa sababu hakuna aliyeuliza. Njia ya haki kwa mtazamo wangu ni kugawana kwa kilo zilizoahidiwa, si kilo zilizoletwa. Aliyeahidi kilo 400 akaleta 150 alipe fungu la 400, kwa maana ni ahadi yake iliyomwita afisa.

Siku yenyewe mteueni mtu mmoja wa kuongea na maafisa. Mmoja. Awe na ankara, orodha ya katoni, nakala ya cheti, risiti za ada na namba ya simu ya wakala. Wengine wabebe kreti na kuziweka kivulini. Afisa akitaka kupima upya, apimiwe bila kununa. Katoni zipangwe kwa namna ya kupitika katikati, siyo mlima mmoja ambao lazima ubomolewe kutafuta katoni ya chini.

Kazi ikiisha, ombi, risiti, tamko lililoidhinishwa na nakala ya cheti viwekwe kwenye jalada moja kwa kila safari, na vitunzwe miaka 5, maana forodha wanaweza kurudi kuzikagua. Mkifikisha safari kumi za namna hiyo, mpigieni nakala meneja wa forodha wa mkoa pamoja na ratiba ya mavuno ya msimu unaokuja, mkiomba siku moja maalumu ya ukaguzi kila wiki.