Teminali Isipompokea Mtumiaji

Teminali ni kioo na kibodi vilivyounganishwa na kompyuta kwa waya upitishao biti moja baada ya nyingine. Katika kompyuta za Unix, programu iitwayo getty ndiyo iulizayo jina la mtumiaji kwa njia ya waya huo. Mtandao ukikatika, huenda hiyo ikawa njia pekee ya kuifikia kompyuta; kwa hiyo yampasa fundi kuzijua dalili zake.

Kioo kikiwa kimya, waya uchunguzwe kwanza. Katika kiungo cha RS-232 chenye pini 25, teminali hupeleka kwa pini ya 2 na kupokea kwa pini ya 3. Kompyuta ikiwa imeundwa vivyo hivyo, nyaya hizo hazina budi kupishana. La sivyo kila upande husema na hakuna asikiaye. Waya ukiwa sawa, itazamwe kama getty imewashwa.

Herufi zikitokea ovyo, waya unapitisha. Mara nyingi kasi ndizo zisizolingana, mathalani biti 9600 kwa sekunde upande mmoja na 1200 upande wa pili.

Asiyetenganisha kimya na ovyo huweza kuifungua kompyuta nzima kwa kosa la nyaya mbili.