Sanduku Hupimwa kwa Ndege Iliyo Ndogo

Mwezi wa Februari, miaka sita iliyopita, niliwasili Lexington katika jimbo la Kentucky na sanduku lililolowa chepechepe, na ndani ya sanduku hilo lilikuwamo daftari ambalo nilikuwa nimelijaza kwa mkono wangu kwa muda wa miaka kumi na mmoja. Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Mombasa, na kazi yangu aghalabu hunipeleka katika miji midogo ya Marekani waliko wakimbizi wa Kongo wasemao Kiswahili, nikawe kinywa chao mbele ya hakimu au mbele ya tabibu. Katika daftari lile nilikuwa nimekusanya, neno baada ya neno, Kiswahili chao kilicho mbali na cha pwani yetu, kama vile mzazi asemapo kwamba mwanawe yuko masomo, akikusudia kwamba yuko shule, na pembeni mwa kila neno niliandika jina la mji nilikolisikia. Wino ulikuwa umeyeyuka. Kurasa arobaini na kitu zimekuwa doa moja la buluu, na maneno mengine sikuweza kukumbuka hata yalianza kwa herufi gani.

Msiba ule haukutokana na uovu wa mtu. Sanduku langu lilikuwa la kitambaa, lenye urefu wa sentimita 56, upana wa 36 na kina cha 23, yaani kipimo kile kile ambacho American, Delta na United wamekiandika kwa mzigo wa mkononi, nami nilidhani ya kuwa madhali kipimo kimetimia hapana wa kunizuia. Lakini ndege iliyotuchukua kutoka Chicago ilikuwa Embraer 145, chombo cha abiria 50, chenye kiti kimoja upande wa kushoto na viwili upande wa kulia, na makabati yake ya juu yako upande mmoja tu, tena ni membamba, ya kutosha koti na mkoba wa kompyuta. Mlangoni mtumishi alifunga lebo kwenye kishikio, akaniashiria niliache sanduku kando. Nami, kwa kusongwa na watu waliokuwa nyuma yangu, nikaliacha kama lilivyo. Likakaa juu ya toroli, katika theluji iliyochanganyika na mvua, mpaka shehena ikapakiwa, na daftari lilikuwa katika mfuko wa nje.

Tangu siku hiyo nimenunua masanduku matatu, nimeyajaribu katika safari zisizopungua mia, na ningependa msafiri mwenzangu ayapate maarifa haya bila ya kuyalipia kwa kitu azizi.

Jambo la kwanza ni kuijua ndege kabla ya kwenda dukani. Katika Marekani mashirika makubwa huziachia kampuni ndogo kazi ya kuwachukua abiria wa miji midogo, na mikataba yao na vyama vya marubani imeweka mpaka wa viti 76 kwa ndege za kazi hiyo, ndiyo maana mtu hukata tikiti yenye jina kubwa akajikuta ameinama katika chombo kidogo. CRJ za Bombardier zilitokana na ndege ya matajiri iitwayo Challenger, na ufinyu wao ni urithi wa mzazi huyo: upana wa ndani ni kiasi cha mita mbili na nusu, ukuta ukijikunja kuelekea kichwani pale pale ambapo kabati lingetaka nafasi. Embraer 175 ina upana wa mita 2.74 na kimo cha mita mbili, na makabati yake hulipokea sanduku la sentimita 56 likilazwa kwa urefu. CRJ200 hailipokei kabisa. CRJ700 na CRJ900 hazilipokei aghalabu, isipokuwa zile chache zenye makabati mapya yaliyoanza kufungwa mwaka 2018. Na United, mwaka 2019, ilileta CRJ550, ambayo ni CRJ700 iliyopunguzwa viti hadi 50 ili pawekwe makabati ya kusimama karibu na mlango, na humo sanduku huingia bila ya taabu. Huko kwetu Afrika Mashariki mambo ni hayo hayo, kwani Uganda Airlines iliporejea angani mwezi wa Agosti 2019 ilianza na CRJ900, ilhali Kenya Airways hutumia Embraer 190, ndugu mkubwa wa ile 175, yenye upana ule ule.

Aina ya ndege si siri. Huandikwa karibu na saa za safari, kabla hujalipa, na alama zake ni chache: CR2 ni CRJ200, CR7 ni CRJ700, CR9 ni CRJ900, ER4 ni Embraer 145, na E75 ni Embraer 175. Katika safari yenye ndege mbili au tatu, chombo kidogo kuliko vyote ndicho kitakachoamua, hata ikiwa ni cha dakika hamsini tu mwishoni mwa safari ya siku nzima.

Dukani mimi huenda na tepu ya fundi cherehani. Kibandiko kisemacho inchi 22 mara nyingi hutaja mwili wa sanduku peke yake, bila ya magurudumu na bila ya kishikio cha juu, na vitu hivyo viwili huweza kuongeza sentimita nne au tano. Pima kutoka sakafuni hadi juu, mpini ukiwa umeteremshwa, kisha ulijaze sanduku na kulipima tena, kwa sababu mifuko ya nje ya masanduku ya kitambaa huvimba, na kina kilichokuwa 23 huwa 27 pasipo mwenyewe kutambua. Mimi humwomba mwenye duka ruhusa, nikatia ndani nguo nilizokuja nazo na vitabu viwili vitatu, na sijapata kukataliwa. Kisha huliinua kwa mkono mmoja mpaka juu ya kichwa. Sanduku tupu lenye kuzidi kilo tatu huliacha, kwa kuwa yako mashirika yanayompa abiria kilo saba tu za mkononi, na mtu akibeba kilo nne za plastiki amebakiwa na nini?

Hapa nafika kwenye jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ndilo kubwa kuliko yote: namna sanduku linavyofunguka. Masanduku ya plastiki ngumu yanayopendwa siku hizi hufunguka katikati kama chaza, nusu kwa nusu, na kila nusu hutaka nafasi yake sakafuni. Nyumbani au hotelini hapana dhara. Lakini katika ndege ndogo mwito wa kulitoa sanduku huja ghafla, mara nyingi ukiwa umekwisha kuukaribia mlango, na hapo una nusu dakika ya kutoa kile usichoweza kukiachia. Niliwahi kusimama nyuma ya mama mmoja wa Bukavu, mtoto mgongoni, aliyeambiwa aliache sanduku lake kama hivyo. Alipiga magoti juu ya zulia, akafungua zipu pande zote tatu, na nusu ya juu ilipoanguka nyuma zikamwagika nepi, maziwa ya kopo na viatu vidogo vyekundu, watu wakiruka juu yake kuiwahi ndege. Nilimshikia kifuniko huku akirudisha vitu. Alipokwisha kufunga, akalitazama sanduku langu, akaniambia kwa upole, “Papa, toa kwanza dawa yako. Ile mufuko itaenda kwa chini.” Nikamjibu, “Ahsante, mama,” na kwa kuwa langu lilikuwa na kifuniko cha juu kinachofunguka kama cha kasha la nguo, nilitia mkono, nikatoa mkoba mdogo wenye dawa zangu za shinikizo la damu, nikafunga. Haikufika robo dakika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuchagua sanduku lenye kifuniko cha upande mmoja, na chini ya kifuniko hicho, juu ya nguo zote, uweke mkoba wa kitambaa ambao ndio mali halisi ya safari: dawa, miwani, hati, funguo, na kwa mkalimani karatasi za kesi za watu, ambazo ni amana na haziachiwi mkono wa mwingine. Ndani ya mkoba huo pia ndimo makao ya betri za akiba za kuchajia simu. Hizi haziruhusiwi kwenda katika shehena, hata kama sanduku limechukuliwa mlangoni wakati wa mwisho, kwani betri za lithiamu zikishika moto chini hapana wa kuzima. Na zinazozidi wati-saa 100 hutaka idhini ya shirika hata zikiwa mkononi. Kwa sababu hiyo hiyo, mashirika ya Marekani tangu mwezi wa Januari 2018 hayapokei masanduku yenye betri isiyoweza kutolewa. Usinunue sanduku la namna hiyo, hata likipunguzwa bei mpaka nusu.

Kuhusu kitambaa na plastiki ngumu, nimekuwa upande wa kitambaa, pamoja na yote yaliyonipata. Nailoni nzito iliyosokotwa kwa nyuzi nene hubonyea kidogo inaposukumwa, na kubonyea huko ndiko kunakoliingiza sanduku mahali ambapo plastiki ingegoma. Lakini sharti zipu iwe na ulimi wa kuifunika, na upande wa ndani wa kitambaa uwe umepakwa kizuia maji. Mimi hulijaribu kwa kitambaa kilicholowa, nikikikamulia juu ya zipu na kungoja kidogo. Na mfuko wa nje, tangu Lexington, siutilii kitu ila gazeti.

Magurudumu nitayapitia upesi. Mwaka 1987 rubani wa Northwest Airlines aitwaye Robert Plath alitengeneza sanduku la kusimama lenye magurudumu mawili na mpini mrefu, akawauzia wenzake wa kazini, na umbo lile mpaka leo ndilo lifaalo zaidi kwa ndege ndogo. Magurudumu mawili hukaa nusu ndani ya mwili wa sanduku, hivyo hayali urefu, ilhali yale manne yanayozunguka hutokeza chini yote, hugonga ukingo wa kabati, na katika mteremko wa daraja la kupandia hulifanya sanduku limkimbie mwenyewe. Tazama pia kama yamefungwa kwa skrubu au kwa ribiti, kwani la skrubu fundi yeyote atalibadilisha gurudumu, na la ribiti likivunjika sanduku limekwisha.

Kwa safari ya siku mbili au tatu nimeachana kabisa na lile la sentimita 56. Yapo masanduku madogo ya kuburuta yaliyotengenezwa yaingie chini ya kiti, na langu, magurudumu yakiwemo, ni 43 kwa 33 kwa 20. American huruhusu 45 kwa 35 kwa 20 kwa kitu kiwekwacho chini ya kiti. United ni kali zaidi, 43 kwa 25 kwa 22, kwa hiyo huko langu huhesabiwa kuwa mzigo wa mkononi, na mwenye tikiti ya bei ya chini kabisa afanye hadhari, maana huenda hana haki ya mzigo huo. Ndani yake huingia suti moja iliyokunjwa vizuri, mashati mawili, kanzu ya kulalia na viatu ambavyo sivivai njiani. Ni chache, lakini zinatosha, na tangu nilinunue hapana mtumishi aliyeniomba nimwachie. Ningependa liwe na magurudumu makubwa zaidi, maana yale madogo hukwama katika nyufa za njia ya miguu.

Likichukuliwa lile kubwa, soma lebo kabla ya kuondoka, maana ziko za namna mbili. Moja humaanisha kwamba utalipokea mlangoni mwa ndege mara mtakapotua, na nyingine kwamba limepelekwa mpaka mwisho wa safari, kwenye ukanda wa mizigo. Aliyekusudiwa ya pili akangoja penye ya kwanza huikosa ndege yake inayofuata. Uliza kwa sauti, na ikiwa una chini ya dakika arobaini za kuunganisha safari, mwambie mtumishi, kwa kuwa kungoja mlangoni huchukua dakika tano na mara nyingine kumi na tano. Kadhalika, funga alama kwenye mpini. Langu lina ukanda wa kanga kuukuu ya marehemu mama yangu, nyekundu na nyeusi, nao huonekana kutoka mbali katikati ya masanduku meusi ishirini yaliyopangwa katika baridi.

Daftari nililinakili upya kwa muda wa miezi minne, nikiwapigia simu watu niliopata maneno kwao, na wengi walinijibu. La sasa lina jalada gumu, nimelipiga picha kila ukurasa, na linaposafiri hukaa ndani ya mkoba ule wa kitambaa, chini ya kiti kilicho mbele yangu.