SOMO LA ROBO HII: NDEGE WA CHINI YA MSITU



Tukiingia katika misitu ya Usambara Mashariki, wengi wetu hutazama juu kwenye miti mikubwa. Safari hii tutazame chini.

Karibu na ardhi huishi ndege mdogo mla mbegu, mwenye urefu wa sentimita 12 hivi. Mwili wake ni wa kijani kilichofifia, mgongo na mabawa yana wekundu uliokolea, na dume ana wekundu pia kuzunguka macho. Kitaalamu huitwa Cryptospiza reichenovii. Anapatikana katika misitu ya milimani kuanzia Kameruni hadi Zimbabwe. Hapa Tanzania yumo pia Uluguru na Udzungwa. Ni mwoga, hula mbegu za nyasi na mimea midogo, na akishtuka hukimbilia vichakani. Duniani bado hajahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, lakini bila uoto wa chini hana pa kuishi.

Hapo ndipo penye tatizo. Anayepanda iliki ndani ya msitu hufyeka uoto huo na kuacha miti mikubwa itoe kivuli. Kwa mbali utasema msitu upo. Ukiingia, hukuti vichaka wala miche ya kurithi miti iliyozeeka. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, iliki hupungua, na mara nyingi miti iliyobaki hukatwa kupisha mazao mengine.

Hatumlaumu mkulima, kwani iliki humpatia fedha za ada na matibabu. Lakini mto Zigi, unaoupatia maji mji wa Tanga, huanzia katika misitu hii. Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, hulinda sehemu tu. Nyingine iko mikononi mwa vijiji na kaya.

Njia ipo: iliki na pilipili manga huweza kulimwa shambani, chini ya miti iliyopandwa, kwa kurutubisha udongo.

Nasi tujirekebishe. Taarifa zetu zimezoea kuhesabu miche iliyopandwa, wala hazisemi uoto uliofyekwa.

Maswali ya kujadili:
1. Msitu ulio karibu nasi una miche michanga ya miti ya asili?
2. Mkulima akiacha iliki ya msituni, ataishije mpaka ya shambani izae?
3. Wafadhili, mko tayari kusaidia kipindi hicho cha kungoja?