Niliyojifunza katika Sehemu ya Kwanza ya Mabepari wa Venisi

Nimefundisha vijana kuandika na kuigiza tamthilia kwa miaka mingi, na kitabu ninachokirudia zaidi ni Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Tamthilia hii ya Shakespeare iliwekwa kwenye kundi la futuhi katika mkusanyo wa kazi zake wa mwaka 1623. Wewe unayetaka kuandika, anzia kwenye sehemu yake ya kwanza.

1. Ugomvi huweza kuanzia kwenye upendo

Tulipomaliza onyesho la kwanza, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona adui haonekani?" Kweli, hakuna aliyegombana na mtu. Bassanio anataka kumposa Portia wa Belmont lakini hana fedha. Antonio hawezi kumnyima rafiki yake kitu, na mali yake yote iko baharini, basi anamruhusu akope kwa jina lake. Aliyeifungulia hatari mlango ni rafiki mwema. Tangu siku ile huwaambia vijana: tafuta kwanza jambo ambalo mhusika wako hawezi kulikataa.

2. Adui naye awe na kisa chake

Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Katika onyesho la tatu, Shylock, mkopeshaji anayeombwa fedha hizo, anamkumbusha Antonio jinsi alivyomtemea mate na kumwita mbwa. Isitoshe, Antonio hukopesha bila riba na kumharibia biashara. Antonio hakani hata kidogo. Anasema huenda akayarudia hayo hayo! Kwenye mazoezi yetu, kijana aliyeigiza Shylock alifoka tangu mwanzo. Nikamwomba ayaseme taratibu, kama mwenye duka anayesoma daftari la madeni. Wenzake wakaanza kubishana nani hasa aliyemkosea mwenzake. Bila kisa hicho, ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, ambayo Shylock ataikata deni lisipolipwa kwa wakati, ingekuwa kioja tu. Shylock anaitaja kwa mzaha, Bassanio anapinga, Antonio anakubali.

3. Weka siku ya kulipa

Dukati 3,000, miezi 3. Antonio ana hakika meli zake zitafika mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, na watazamaji wanaanza kuhesabu.

Kabla hujaandika tamthilia yako, isome sehemu hiyo ya kwanza mara mbili, kisha andika kwenye karatasi: nani anataka nini, anamdai nani, na mwisho wa kulipa ni lini.