Faili lisilo na sanadi usiliweke

Baadhi yetu hapa Rusizi tunasomea kompyuta za mitumba ambazo watengenezaji wake hawazihudumii tena. Ikihitajika faimuwea mpya, yaani ile programu ya ndani inayoiamsha mashine, tuitafute wapi?

Kwanza, jua modeli kamili na toleo la BIOS: kwenye Windows, andika msinfo32.

Pili, anza kwa mtengenezaji. Huenda ameshaliondoa faili, kama Intel ilivyoondoa BIOS za bodi zake za zamani Novemba 2019. Hapo ingia Internet Archive, uweke anwani ya ukurasa wake wa zamani.

Tatu, uliza sanadi, kama tunavyouliza kwa hadithi: nani kalitoa, na limepitia mikono ya nani? Linganisha alama yake ya SHA-256 na ile aliyoitangaza mtengenezaji. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, liache.

Mwisho, nakili tasnifu yako kwenye flashi, betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine huenda isiwake tena. Na kama hakuna kasoro unayoitibu, usiiguse.